Bosi anataka AI matawi yote kwa mpigo, mi nataka tujaribu kwanza

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Dada habari za kazi. Nasimamia shughuli za kila siku kwenye SACCOS moja huku Kanda ya Ziwa, tuna matawi tisa, wanachama wengi ni walimu, wakulima wa pamba na wafanyabiashara wadogo. Meneja wetu katoka kwenye kongamano kaja na moto, anataka tuweke chatiboti ya kujibu wanachama WhatsApp, alafu na AI ya kusoma maombi ya mikopo iwape maafisa mikopo muhtasari, matawi yote kwa mpigo. Nimeomba tuanze na majaribio kasema majaribio ni kupoteza muda, wenzetu wameshatuacha. Niendelee kumbishia au niache? Na kama ni majaribio, matawi mangapi, muda gani, na nitajuaje kwamba yamefaulu?"

Salama kaka, pole na majukumu.

Endelea kumbishia. Ila kabla hujarudi ofisini kwake nakuomba umsikilize vizuri kwanza, mana kwenye hilo la kupoteza muda ana hoja ya kweli kabisa. Majaribio mengi ni kupoteza muda. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilifika mahali ikasimamisha miradi yote ya afya ya kwenye simu na kompyuta mpaka kwanza ipitiwe na wizara na kupata kibali, kwa sababu nchi ilishajaa majaribio, kila mfadhili na kamradi kake kwenye wilaya mbili tatu, mifumo haiongei yenyewe kwa yenyewe, na michache sana ndo iliyovuka ikafika nchi nzima. Meneja wako akishaona majaribio ya aina hiyo, yanayoanza na picha za pamoja na fulana alafu hayana tarehe ya kuisha, ana haki ya kuchoka. Kwaiyo usimwombee hayo. Mwombe majaribio yenye tarehe ya mwisho, yenye swali moja au mawili tu, na ambayo yanaweza kurudi na jibu la "hapana" na hilo hapana likaheshimiwa. Hili la mwisho kwangu ndo kila kitu, mana kama kila mtu ofisini anajua kwamba mfumo utanunuliwa hata majaribio yakienda vibaya, basi hayo sio majaribio, ni uzinduzi wa awamu ya kwanza, na bora muuite hivyo mjue moja.

Nikueleze kisa kimoja kwa urefu kidogo kwa sababu kina karibu kila kitu kitakachokupata wewe. Google walikuwa na mfumo wa AI unaosoma picha ya ndani ya jicho na kugundua madhara ya kisukari kabla mtu hajapofuka. Kwenye maabara ulikuwa unafikia kiwango cha madaktari bingwa. Thailand kulikuwa na wagonjwa wa kisukari wapatao milioni 4.5 na mabingwa wa retina karibu 200 tu kwa nchi nzima, picha ikitumwa kwa bingwa mgonjwa alikuwa anaweza kusubiri majibu mpaka wiki 10, yaani kama kuna mahali AI ilikuwa inahitajika ni pale. Kuanzia mwishoni mwa 2018 mpaka katikati ya 2019 watafiti wao wakaingia kwenye kliniki 11 za Pathum Thani na Chiang Mai wakakaa na manesi, wakaangalia kazi inavyoenda. Miezi sita ya mwanzo picha 1,838 zikapitishwa kwenye mfumo, zaidi ya moja katika kila tano ikakataliwa kwamba haina ubora wa kutosha. Kwa nini? Kliniki nyingi hazikuwa na chumba maalum chenye giza, picha inapigwa kwenye chumba hichohicho ambacho wagonjwa wengine wanahudumiwa, taa huwezi kuzima. Na picha ikikataliwa mgonjwa anaambiwa aende akaonwe na bingwa kwingine, hata kama nesi anaiangalia kwa macho yake na haoni tatizo. Intaneti nayo, maabara picha inasomwa ndani ya sekunde chache, kule kupandisha picha moja ilikuwa inachukua dakika nzima mpaka dakika moja na nusu, kuna kliniki siku moja intaneti ilikata kwa muda wa saa mbili wakapima watu 100 badala ya 200. Alafu kuna jambo ambalo hakuna prezentesheni ya muuzaji ingelionyesha: kuna manesi waliowashauri wagonjwa wasijiunge kabisa, kwa sababu walijua mgonjwa akipewa rufaa pale pale atalazimika kusafiri mpaka hospitali ya mbali na kupoteza siku ya kazi.

Angalia vizuri hapo kaka. Uwezo wa AI kusoma picha nzuri ulikuwepo, kilichokwamisha ni chumba, netiweki, utaratibu wa rufaa na nauli ya mgonjwa. Mambo haya kwenye demo hayaonekani hata kidogo, na hii ndo kazi ya majaribio, kukuonyesha kazi yenu wenyewe inavyoenda kweli kweli siku ya kawaida yenye watu wengi. Sasa jiulize kwako: fomu ya mkopo imepigwa picha na simu ya afisa jioni taa hafifu, salari slipu imekunjwa mara nne, barua ya mtendaji wa kijiji muhuri umegongwa juu ya maandishi, jina kwenye kitambulisho cha NIDA na jina kwenye daftari la wanachama yanapishana herufi mbili. AI iliyosoma vizuri zile fomu tano safi za muuzaji itafanya nini na hizo? Hujui, muuzaji hajui, na meneja wako hajui. Kwaiyo hata ukimwambia "mfumo ni mzuri" bado hujasema lolote kuhusu matawi yenu.

Ndo mana kwenye kuchagua matawi mi sikubaliani na tabia ya kuanzia makao makuu. Makao makuu pana intaneti, pana kijana wa IT mlango wa pili, meneja anapita pita, kila mtu anaonyesha juhudi, na mkifaulu hapo mmejifunza kwamba mfumo unafanya kazi makao makuu. Chukua matawi mawili. Moja la kawaida la mjini, lingine lile ambalo ukilitaja kila mtu anaguna, netiweki ya kubahatisha, afisa mikopo mmoja anayefanya kazi za watu watatu. Alafu, na hili watu wengi wanalisahau, chagua tawi la tatu linalofanana na mojawapo ya hayo mawili, hili usiliguse kabisa, fanya tu kupima kazi zake kama unavyopima kwenye yale mengine. Ukiona muda wa kushughulikia mkopo umepungua kwenye tawi lenye AI na pia umepungua kwenye tawi lisilo na AI, basi kilichopunguza ni kitu kingine, labda msimu.

Na msimu nao uuangalie. Muda nakushauri wiki 12, sio kwa sababu ni namba ya ajabu, ni kwa sababu wiki 4 zinapita watu bado wanashangaa shangaa na miezi 9 ni mingi kila mtu anakuwa ameshasahau mlikuwa mnatafuta nini. Muhimu zaidi hizo wiki ziguse kipindi chenu kigumu, Januari ya ada za shule au ule msimu wa pamba kuanzia Mei. Ukijaribu mwezi uliopoa kila kitu kinaonekana kizuri.

Sasa kupima. Hapa ndo panaumiza, mana watu wanamaliza majaribio wanagawa dodoso, wafanyakazi wanajaza kwamba AI imewasaidia sana, ripoti inapanda kwenye bodi, imeisha. Mfanyakazi hadanganyi, anaandika anavyohisi, ila hisia na saa haviendi pamoja siku zote. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwachukua waandishi wa programu 16 wazoefu, kazi halisi 246 kwenye miradi wanayoijua vizuri, nyingine wakaruhusiwa kutumia AI nyingine hapana. Kabla ya kuanza walikadiria AI itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini imewapunguzia asilimia 20. Saa ikasema muda uliongezeka kwa asilimia 19. Haimaanishi AI inamchelewesha kila mtu kwenye kila kazi, hapana, inamaanisha kwamba hata mtaalamu aliyebobea anaweza kuwa amechelewa huku anaapa amewahi. Angalia na Uingereza, robo ya mwisho ya 2024 serikali iliwapa watumishi 20,000 Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, wenyewe wakaripoti kuokoa wastani wa dakika 26 kwa siku, habari ikazunguka dunia nzima. Kipindi hichohicho wizara yao moja, ya Biashara, ilijaribu leseni 1,000 na ikakaa ikaangalia kazi zenyewe, tathmini yake ikasema haikupata ushahidi kwamba tija imeongezeka, kuna kazi zilienda haraka kama kuandika muhtasari wa mikutano na kuandika barua pepe, ila uchambuzi wa Excel ulienda polepole na ubora ukashuka. Bidhaa ni ileile, majibu mawili, kwa sababu mmoja aliuliza watu na mwingine akaenda kuangalia.

Kwaiyo kuna kazi unaweza kuianza Jumatatu bila kumlipa muuzaji hata senti, na bila hata ruhusa ya kununua chochote. Pima hali ya sasa. Kwenye hayo matawi matatu, kuanzia mwanachama anaporudisha fomu mpaka Kamati ya Mikopo inapokaa, siku ngapi? Kati ya hizo, ngapi fomu imelala mezani inasubiri tu mdhamini asaini? Nakuhakikishia utakuta sehemu kubwa ya muda haihusiani na kusoma fomu, na kama ndivyo basi AI ya kusoma fomu haitagusa kile kinachowauma wanachama wenu, hata iwe na akili namna gani. Wanachama wanauliza nini wakipiga simu au wakituma meseji, wanasubiri muda gani kujibiwa, na majibu wanayopewa ni sahihi kiasi gani? Hili la mwisho linauma kidogo kwa sababu mara nyingi mnakuta hata watu wenu wanajibu tofauti tofauti kuhusu jambo moja, tawi hili linasema unaruhusiwa kutopap mkopo, yaani kuongezewa juu ya ule unaoulipa, ukifika nusu, lile linasema miezi sita. Kama binadamu wenu hawajakubaliana jibu, chatiboti italitoa wapi?

Na chatiboti yenyewe usiiruhusu iongee na mwanachama wa kweli mpaka ipite mtihani wa ndani. Kusanya meseji halisi kama 200 kutoka kwenye simu za matawi, futa majina na namba, uziache zilivyoandikwa, usizisafishe. Namaanisha zile za "nna mkopo wa 2m nmebakiza miez 4 naeza ongeza", "mdhamin wangu kafariki je mkopo wng unakuaje", zenye Kisukuma katikati, na zile za sauti za dakika mbili ambazo mama yupo sokoni nyuma watu wanapiga kelele. Mtu wenu mzoefu kuliko wote aandike jibu sahihi la kila moja, alafu mpitishe zote kwenye mfumo, mtu mwingine asahihishe. Mifumo mingi ya AI inaandika Kiswahili kizuri cha vitabuni, mtihani ni kama inaelewa cha kwenu. Na angalia sana maswali yenye masharti yenu, mfano kwenye SACCOS hisa mwanachama anazihamisha, hatoi kama anavyotoa akiba, mfumo uliofundishwa na maandishi ya mabenki ya ulaya unaweza kumwambia mtu kwa ufasaha mkubwa aje achukue hisa zake kesho.

Na akija? Mwaka 2024 kule Kanada baraza la usuluhishi la British Columbia liliamua kesi ya Air Canada, abiria aliyefiwa aliuliza chatiboti ya shirika kuhusu nauli ya msiba ikamwambia anaweza kuomba punguzo hata baada ya kusafiri, shirika likakataa kwa sababu sera yao ilisema vingine, tena wakajitetea kwamba chatiboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza likakataa utetezi huo, shirika likalipa. Hela haikuwa nyingi. Ila nyie mnaongea na mwalimu ambaye atakopa milioni tatu kwa kuamini meseji ya riba iliyotoka kwenye namba yenu.

Lile la pili, AI ya maombi ya mikopo, lisogeze nyuma. Usilijaribu sambamba na chatiboti, mana mambo mawili kwa pamoja yakikwama hutajua kipi kimekwamisha kipi, na maafisa mikopo ndo haohao. Ukifika wakati wake, lianzie kimyakimya: AI inaandika muhtasari, afisa haruhusiwi kuuona mpaka amalize wa kwake, alafu mnalinganisha. Mambo gani AI iliyaona afisa hakuyaona, na mambo gani ilibuni, mana hizi zinabuni, zinaweza kukuandikia mdhamini ambaye hayupo kwenye fomu. Uamuzi wa kumpa au kumnyima mtu mkopo ubaki kwa Kamati ya Mikopo kama sheria yenu ya ndani inavyosema, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inampa mtu haki pale uamuzi unaomhusu unapofanywa na mashine peke yake. Hiyo sheria uisome kabla ya majaribio, sio baada. Wanachama wenu wametoa salari slipu kwa ajili ya mkopo, hawakutoa ili ziende kwenye seva ya kampuni isiyojulikana nje ya nchi, kwaiyo muulize muuzaji kwa maandishi data zinakaa wapi, nani anaziona, zinatumika kufundishia mfumo wao au hapana, na kama chama chenu bado hakijasajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anzeni na hilo.

Sasa kuna kisa cha jirani kabisa ambacho nakipenda kwa sababu kinaonyesha upande wa pili, kwamba majaribio yakifanywa vizuri yanakupa kitu cha kukua nacho. Nairobi kuna kliniki za Penda Health, zinahudumia watu wa kipato cha chini. Walikuwa na msaidizi wa AI kwa ajili ya matabibu, toleo la mwanzo lilimtaka tabibu mwenyewe akumbuke kulifungua na kuliuliza, na tabibu mwenye foleni mlangoni hana huo muda, likatumika kidogo. Wakalibadilisha. Toleo jipya linakaa nyuma ya mfumo wa kuandikia taarifa za mgonjwa, linajisomea, likiona sawa linaonyesha kijani, likiwa na shaka njano, likiona hatari nyekundu, na tabibu ndo mwenye neno la mwisho. Mwaka 2025 wakalipima pamoja na OpenAI kwenye kliniki 15, mahudhurio ya wagonjwa 39,849, baadhi ya matabibu wanalo na baadhi hawana, alafu madaktari wa nje wakapitia mafaili bila kuwa sehemu ya kliniki hizo. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu asilimia 13.

Ila sehemu ninayotaka uishike ni ya katikati. Kipindi cha mwanzo matabibu walikuwa wanaona ile nyekundu na kuiacha, wanafunga faili na kuita mgonjwa mwingine, zaidi ya theluthi moja ya mafaili yalikuwa yanaishia kwenye nyekundu. Kilichofanyika ni kazi ya watu, matabibu wenzao waliokuwa wanaelewa walikaa nao na kuwaonyesha, kila mmoja akawa anafuatiliwa na kuambiwa anaendeleaje, wanaofanya vizuri wakatambuliwa, ikashuka mpaka karibu asilimia 20. Yaani yale matokeo mazuri yana gharama ya watu ndani yake, na ukinunua mfumo ule bila kununua na hiyo kazi hupati hayo matokeo. Na waliandika bila kuficha kwamba kwa upande wa wagonjwa wenyewe, ukiwauliza baadaye kama wamepona, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kitu. Mi nawaheshimu sana kwa hilo.

Kwaiyo kwenye bajeti yenu weka mtu, sio leseni tu. Nani kwenye kila tawi atakuwa yule wa kuulizwa, na kazi yake ya kawaida atapunguziwa nini? Nani atabadilisha majibu ya chatiboti siku mkutano mkuu ukibadilisha riba? Na upigie hesabu matawi tisa kuanzia sasa, usisubiri mwisho: bei ya majaribio mara nyingi ni ya chini au bure, baadaye inakuja kwa dola kwa kila mtumiaji kwa mwezi, meseji za biashara za WhatsApp nazo zina bei zake, na mifumo mingi inachaji kwa vipande vya maneno na Kiswahili huwa kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa maana ileile, kwaiyo bei waliyoipiga kwa mifano ya Kiingereza sio yenu. Muulize pia meneja kama kuna mpango wa kubadilisha mfumo mkuu wa hesabu za wanachama hivi karibuni. Hospitali ya MD Anderson ya Texas ilitumia zaidi ya dola milioni 62 kwenye mradi wa Watson, mfumo wa AI wa kampuni ya IBM, kwa ajili ya saratani, katikati wakahamia mfumo mwingine wa mafaili ya wagonjwa, Watson haikuunganishwa nao, na mradi ukasimama bila kutoka kwenye majaribio.

Kufaulu sasa, mana uliuliza utajuaje. Utajua kwa karatasi moja mliyoandika na kusaini kabla ya kuanza, wakati bado hakuna aliyeupenda mfumo wala aliyeuchukia. Iwe na tarehe ya mwisho, jina la anayeamua, na mipaka. Mfano tu, mtarekebisha: kwenye yale maswali 200 ikikosea masuala ya riba, adhabu, hisa au wadhamini zaidi ya mara mbili haiwafikii wanachama. Kwenye wiki 12, kama tawi gumu halijapunguza muda wa mwanachama kusubiri jibu kwa nusu, hatuongezi tawi. Kama zaidi ya theluthi ya wanaoandika wanaishia kuomba mtu wa kuongea naye, tunasimama tuangalie. Akitokea mwanachama mmoja ameonyeshwa taarifa za mwingine, inazimwa siku hiyohiyo. Andikeni na kile cha kufanya kama matokeo ni ya katikati, mana mara nyingi yatakuwa ya katikati, na hapo ndo watu huanza kuongeza miezi mitatu, na mingine mitatu. Mi ningeandika: kuongeza muda ni mara moja tu, wiki 4, kwa swali moja lililotajwa. Namba za muuzaji zisiingie kwenye hiyo karatasi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupima kwa wagonjwa wao mfumo wa kampuni ya Epic wa kutabiri maambukizi ya damu, mfumo ambao ulishakuwa kwenye mamia ya hospitali za Marekani, wakakuta unakosa wagonjwa wawili kati ya kila watatu na huku unapiga kengele kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya sita waliolazwa. Mamia ya hospitali kaka, na kuna ambao hawakuwa wamepima kwa wagonjwa wao wenyewe.

Kuhusu kumshawishi meneja, usimpelekee hadithi za Thailand, mwambie ya M-Pesa, anayo mfukoni. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005 na wateja wasiofika hata 500, na mshirika alikuwa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, watu wa kazi kama yenu. Wazo lilikuwa mkopaji apokee mkopo na alipe marejesho kwa simu. Kwenye majaribio wakaona watu wanafanya mambo mengine, wanatumiana hela wao kwa wao, wanamlipia mwenzao, wanaweka hela kwenye simu wasitembee nayo njiani, na upande wa Faulu kulinganisha hesabu za simu na vitabu vyao kukawa kugumu. Wangeenda nchi nzima moja kwa moja wangezindua huduma ya marejesho ya mikopo. Walikaa, wakaangalia, wakaja Machi 2007 na kutuma pesa nyumbani, na 2008 ikavuka ikaja kwetu. Majaribio hayakuwachelewesha, yaliwapa bidhaa yenyewe.

Na kama bado atakataa, kwa sababu mabosi wengine wakishaahidi bodi hawarudi nyuma, usigombane naye mpaka mharibiane kazi. Omba kitu kimoja tu ambacho hakimnyimi chochote: matawi yaanze kwa zamu, matatu mwezi wa kwanza, matatu mwezi wa tatu, matatu mwezi wa tano, na yapi yaanze ichaguliwe kwa kuokota vikaratasi kama bahati nasibu mbele ya watu. Kuna utafiti wa mwaka 2023 wa mchumi Brynjolfsson na wenzake wa Marekani kwenye kampuni yenye wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, AI ilikuwa inaingizwa kwa awamu hivyo hivyo, na ndo wakaweza kuona kwamba tija ilipanda wastani wa asilimia 14, ila kwa wapya na wasio wazoefu asilimia 34, na kwa wazoefu karibu hakuna kilichobadilika. Ukipata zamu, yale matawi yanayosubiri ndo kipimo chako, na ile karatasi ya mipaka bado unaweza kuiweka mwisho wa kila zamu. Meneja atakuwa amepata tisa zake, na wewe utakuwa na miezi miwili ya kuangalia matatu ya kwanza kabla ya mengine kuwashwa. Anza na kupima hali ya sasa wiki hii, kabla zamu ya kwanza haijafika.